Ndani ya kesi tutie nini? Somo tulilolipia kwa tomati za Ruzizi

Siku ya posho moja, msimu uliopita, kamio ilirudi kutoka Bukavu ikiwa na kesi tupu, na kijana aliyesindikiza mzigo alikuwa ameshika karatasi ya mnunuzi. Wanamemba walikuwa wanangoja mbele ya depo tangu asubuhi. Kesi zote zilipokelewa, ndiyo, lakini karibu nusu yake ziliandikwa daraja la pili na bei ikakatwa. Sababu iliandikwa kwa maneno machache: tomati chafu, zimekwaruzwa, zinatoa maji.

Ilikuwa aibu yetu siye waagronomu. Juma tatu mbele ya safari ile, ni sisi tuliowaambia wanamemba watie maganda ya mpunga ndani ya kesi ili tomati zisichezecheze barabarani. Hapa bondeni Ruzizi mpunga unalimwa kwa wingi, na nyuma ya kila mashini ya kukoboa kuna kilima cha maganda ambacho hakuna mtu anayekililia. Tuliona kitu cha bure, kikavu, chepesi, tukasema hii ndiyo dawa. Mama mmoja, mwenye kesi sita ndani ya mzigo ule, alituambia mbele ya watu wote: "Ba agronomu, mulisema maganda ni ya bule. Kweli iko ya bule. Lakini tomati yangu haiko ya bule."

Hatukuwa na jibu. Na mambo yalikuwa mazito kuliko bei ya siku ile moja. Koperative ilikuwa imechukua mbegu na mbolea kwa deni, ikitegemea mauzo ya pamoja. Wanamemba kadhaa walianza kusema kwamba watarudia kuuza kila mtu peke yake kando ya barabara, kama zamani. Watu kumi wakitoka, kamio haijai. Kamio isipojaa, wale wanaobaki wanalipa zaidi kwa kila kesi. Ndiyo namna koperative zinavyokufa, polepole, bila ugomvi mkubwa.

Kwa hiyo tuliomba wanamemba watupe juma mbili, tukaanza upya pamoja nao. Tunayoandika hapa ni yale tuliyojifunza katika zile juma mbili na katika msimu uliofuata.

Tomati inaumizwa na nini?

Tulianza na kesi moja iliyobaki deponi, ikiwa bado na maganda yake. Tulipomwaga kila kitu juu ya turubai, mambo yalionekana wazi. Ganda la mpunga kwa macho ni kitu laini, lakini ndani yake kuna silika nyingi, ile ile inayopatikana ndani ya mchanga. Ukilisugua kati ya vidole unasikia linakwaruza. Sasa fikiri tomati yenye ngozi nyembamba, imezungukwa na maelfu ya vipande vile, kamio inatetemeka saa nyingi ikipanda Ngomo. Ni kama kuipiga msasa. Kiisha vumbi la maganda linaingia penye kikovu cha kikonyo, linakutana na unyevu, linaganda pale. Mnunuzi anaona uchafu, na ukijaribu kuosha unaongeza maji, na maji yanaongeza kuoza.

Tomati inapata mabaya matatu njiani. Ya kwanza ni kugongwa: kesi inatupwa chini na mpakizi, au gari linaingia shimoni. Ya pili ni kubanwa, pale uzito wa kesi za juu unapokalia matunda ya chini. Ya tatu ni kusuguana, yaani matunda yanazunguka na kusugua mbao au kusuguana yenyewe kwa yenyewe. Kitu cha kujazia kinasaidia sana kwa lile la tatu, kinasaidia kiasi kwa la kwanza, na kwa la pili hakisaidii karibu kitu. Hapo ndipo wengi tunajidanganya. Kesi ikiwa dhaifu, mbao zake zikipinda, hata ukijaza pamba ndani, uzito utafika kwenye tunda. Uzito wa kesi za juu unapashwa kubebwa na nguzo nne za pembe, si na tomati. Tukiwa na feza kidogo, zitumike kwanza kwa misumari na nguzo za kesi, halafu ndipo tufikiri majani.

Na kuna jambo lingine dogo ambalo ni bure kabisa: vikonyo. Tomati inayofungwa na kikonyo chake inatoboa jirani yake. Ondoeni vikonyo shambani, mbele ya kufunga. Tulihesabu matundu katika ile kesi iliyobaki na mengi yalitoka kwa vikonyo, maganda hayakuhusika.

Vitu tulivyojaribu

Tulichukua kesi zinazofanana, tomati za shamba moja zilizochumwa asubuhi moja zikianza tu kugeuka rangi, tukajaza kila kesi kwa kitu tofauti, zote zikapanda kamio moja. Haikuwa kazi ya maabara. Lakini wanamemba wenyewe ndio waliofunga na ndio waliofungua Bukavu, na tulifungua mara mbili, siku ya kufika na siku mbili baadaye, sababu jeraha la ndani la tomati halionekani palepale. Tunda linafika likiwa zuri, kesho kutwa linalainika penye lilipogongwa.

Majani mabichi ya migomba yalianguka kwanza. Siku ya kufunga yanapendeza, kesi inaonekana sawa na zawadi. Lakini jani bichi bado linapumua, linatoa maji na joto, na pale linapokunjwa linaanza kuoza. Tulipofungua, harufu ilitosha.

Nyasi kavu ni kitu cha katikati. Nyasi laini, isiyo na mashina magumu, inakinga vizuri na inaacha hewa ipite. Shida ni kwamba nyasi inayokatwa haraka huja na shina gumu linalochoma kama sindano, na huja na mbegu za magugu na wadudu. Mzee mmoja alitukumbusha kwamba magugu fulani yalianza shambani kwake kando ya fasi alikokuwa anamwaga nyasi za kesi. Ukitumia nyasi, ikate mbele haijatoa mbegu, ikaushe vizuri, ipekue kwa mkono.

Vumbi la msumeno tulilikataa bila hata kulipeleka safari. Ni unga, linanywa maji, linashika kwenye tunda. Maranda ni jambo lingine. Yale maranda marefu yanayojikunja, yanayotoka kwa randa ya seremala, ni kama springi ndogo, yanakinga vizuri kweli. Lakini tunapashwa kumuuliza seremala maswali mawili. Mbao ni ya mti gani? Mbao yenye utomvu na harufu kali inaachia harufu yake kwenye matunda. Na je, mbao ilipakwa dawa ya mchwa au mafuta machafu ya motere? Watu wengi hapa kwetu wanapaka mafuta hayo ili mbao idumu. Seremala akisita kujibu, achana na maranda yake.

Karatasi ilifanya kazi nzuri kuliko wengi walivyozani. Karatasi iliyokunjwakunjwa inakuwa na hewa ndani, na hewa ndiyo inayopokea pigo. Ila karatasi ya gazeti inaachia wino, na tomati inaliwa na ngozi yake, kwa hiyo gazeti likae ubavuni na chini ya kesi, lisiguse tunda. Karatasi isiyoandikwa ndiyo nzuri. Na hapa tunaomba jambo moja kwa nguvu: msitumie karatasi za mifuko ya sima. Tuliona mtu anazipangusa na kuzikata. Vumbi la sima halitoki lote kwa kupangusa, na sima inaunguza ngozi ya mtu, sembuse chakula. Vilevile mifuko ya mbolea, na ile ya mbegu zilizopakwa dawa. Hata kartoni za sabuni, maana harufu yake haitoki.

Plastiki? Vijana wengi waliipenda, sababu haigharimu. Lakini tomati inafungwa bondeni penye joto, inapanda usiku hadi Bukavu penye baridi. Ile hewa yenye unyevu iliyo ndani ya kesi inapogusa plastiki iliyopoa inageuka maji, na maji yanadondoka juu ya matunda. Tena sheria: nchi yetu ilitoa dekreti mwishoni mwa 2017 inayokataza mifuko na vifungashio vya plastiki, na Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu 2008. Wale wanaokwepa Ngomo kwa kupitia Bugarama wanajua namna mzigo unavyofunguliwa mpakani.

Kilichotushinda wote kwa uzuri kilikuwa karibu nasi siku zote, nacho ni magome makavu ya mgomba. Si jani, ni yale magome ya shina yanayobaki ukiisha kukata ndizi. Pasua gome moja uangalie ndani: kuna vyumba vidogo vidogo vya hewa, vimepangwa kama nta ya nyuki. Likikauka vizuri linakuwa jepesi na linarudi ukilibonyeza, karibu kama kartoni ya mawimbi. Tulitandika magome chini na ubavuni mwa kesi, upande laini ukiangalia ndani, kiisha tukajaza nafasi kati ya matunda kwa vipande vya majani makavu ya migomba, yaliyochanwa na kukunjwa. Kesi hizo ndizo mnunuzi wa Bukavu alizichagua kwanza, na hakuwa amejua ipi ni ipi.

Onyo moja juu ya mgomba

Tusiwafiche kitu. Mnyauko wa migomba, ule wanaouita BXW, uko kwetu Kivu tangu 2001, ulipoonekana Masisi, na umemaliza mashamba ya watu wengi. Bakteria yake inasafiri na panga, na mche, na vipande vya mgomba vinavyobebwa kutoka fasi moja hadi nyingine. Kwa hiyo magome na majani yakatwe tu katika shamba lisilo na ugonjwa, la hapohapo kwenu, yakaushwe juani siku nyingi hadi yavunjike mkononi, na panga lisafishwe kwa moto au kwa javeli kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Msinunue magome yanayotoka mbali kwa sababu ni rahisi.

Na angalieni kesi zinaporudi. Kesi tupu hurudi na majani yaliyobaki ndani, na mara nyingine si majani yenu, maana kesi zinachanganyika sokoni. Wanamemba wengi walikuwa wanayamwaga nyuma ya nyumba, kwenye migomba, wakisema ni mbolea. Hapana. Sindikiza mzigo amwage kila kitu Bukavu mbele ya kupakia kesi tupu, kinachobaki kichomwe. Kesi ioshwe kwa sabuni, kiisha maji ya javeli kidogo, kiisha ikae juani.

Kujaza kwenyewe

Kitu kizuri kikitiwa vibaya hakisaidii. Kosa tunaloliona zaidi ni kutandika majani mengi chini, kurundika tomati hadi juu, na kufunika kwa majani kidogo. Hapo katikati matunda bado yanazunguka. Anza na tandiko la chini, unene wa vidole viwili. Panga tabaka moja la tomati, kikovu cha kikonyo kikiangalia chini, jaza matundu yaliyo kati yao kwa vipande vidogo, tandika safu nyembamba, panga tabaka lingine. Tusipitishe matabaka manne au tano. Kila baada ya matabaka mawili, inua kesi kidogo na uitikise taratibu ili vitu vikae, kiisha ongeza palipozama. Mfuniko ukifungwa uguse majani bila kuyasukuma. Mama mmoja alieleza vizuri kuliko sisi: "Iguse sawa vile mutu anagusa mutoto mwenye kulala."

Kiisha tikisa kesi karibu na sikio. Ukisikia kitu kinatembea ndani, ongeza. Ukiona mfuniko umevimba, punguza, sababu kesi ya juu itakalia ule uvimbe na matunda yataumia.

Kama mna kitu kipya mnachotaka kujaribu, msingoje safari ya Bukavu. Fungeni kesi moja, iangusheni kutoka urefu wa goti mara tatu juu ya udongo mgumu, iacheni kivulini siku mbili, halafu fungueni na kata tomati za pembeni na za chini. Mtapoteza tomati chache na mtajua ukweli.

Inalipa?

Swali hili liliulizwa na mtunza feza wa koperative, na ni swali la haki. Kujaza kunakula nafasi. Tufanye mfano, si bei ya soko. Tuseme kesi inabeba kilo 30 bila kujazwa, na kilo 27 ikijazwa. Tomati nzuri ni falanga 1 500 kwa kilo, iliyopondeka ni 500.

Bila kujaza, tuseme zinafika kilo 22 nzuri, kilo 6 zilizopondeka, kilo 2 za kutupa. Hiyo ni falanga 36 000. Kwa kujaza, kilo 25 nzuri, kilo 1 na nusu zilizopondeka, nusu kilo ya kutupa: falanga 38 250. Tofauti ni 2 250, na kilo 3 zingine bado ziko mkononi mwako. Kazi ya kukausha na kujaza ikigharimu chini ya hapo, unafaidika. Si utajiri. Lakini mnunuzi asiyekata bei leo atarudi kesho, na hilo halimo ndani ya hesabu.

Sasa tuseme unauza soko la karibu, barabara ni tambarare, na bila kujaza unapoteza kilo moja tu kwa kesi. Hapo unatoa nafasi ya kilo 3 ili kuokoa kilo moja. Usijaze. Tandika ubavuni na chini, basi. Tunasema hivi wazi sababu tumekwisha ona miradi mingine ikifundisha jambo moja kwa kila mtu na kila barabara.

Na yale maganda ya mpunga?

Hayakutupwa. Wamama wanaofuga kuku walituambia kwamba wao wanayatumia kwa mayai, na wana haki kabisa. Gamba la yai halikwaruzwi kirahisi, na maganda yanaingia kila tundu na kushika yai lisigongane na lingine. Yachungwe kwanza ili vumbi litoke, yawe makavu kabisa. Yai lisimame, ncha nyembamba chini, na mayai yasigusane wala yasiguse ubavu wa kitunga. Yai moja likivunjika ndani, maganda yale yote yatupwe, maana yanashika uvundo na ukungu.

Wenzetu wa Idjwi waliouliza juu ya avoka zinazovuka ziwa: avoka ngumu haihitaji kujazwa kama tomati, lakini inapigwa sana wakati wa kupakia na kushusha mtumbwini, kwa hiyo tandiko nene la chini ndilo la maana. Karatasi kwenye mtumbwi ni kazi bure, mawimbi yanailowesha na inakuwa uji. Magome makavu yanavumilia zaidi. Na msichanganye avoka na tomati zilizoiva ndani ya kesi moja. Tunda linaloiva linatoa hewa inayoharakisha jirani yake, na mtafika Goma na avoka laini.

Kwa wale wanaovuka mpaka, ulizeni mapema watu wa kukagua mimea. Nyasi na majani hukataliwa mara nyingi sababu yanaweza kubeba wadudu na magonjwa, hata kama yenu ni masafi. Kwa njia hiyo karatasi isiyoandikwa au vipande vya kartoni safi ni salama zaidi, ingawa vinanunuliwa.

Msimu uliofuata koperative ile ilipeleka tena Bukavu. Wanamemba wawili walikuwa wamekwisha toka na hawajarudi mpaka leo. Mama wa kesi sita alibaki. Yeye ndiye sasa anayesimamia kukausha magome, chini ya paa dogo la mabati nyuma ya depo, na hakuna kesi inayofungwa mbele ya yeye kuitikisa. Juma lililopita alitukatalia kesi nne ambazo sisi wenyewe tulisaidia kufunga.